Kistari kwenye kijitabu cha ndugu yangu

Muuguzi alimpima ndugu yangu presha mara mbili. Mara ya kwanza hakusema kitu, akamwomba tu akae ametulia, miguu chini, asizungumze. Baada ya dakika chache akarudia, na mara hii akaandika: 152 juu, 96 chini.

Ndugu yangu ana miaka 38. Alikuja pale kituo cha afya, si mbali na soko la Kibuye, Kisumu, kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikimsumbua. Nilimsindikiza kwa kuwa namjua. Akiachwa peke yake, angepitia duka la dawa, anunue vidonge viwili na kurudi kazini.

"Kuna mtu wa presha kwenu?"

"Sijui, sista."

"Baba yuko?"

"Alifariki."

"Pole. Alikuwa na miaka mingapi? Na aliugua nini?"

Ndugu yangu akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Mwaka wa kifo niliujua. Ugonjwa, sikuujua. Foleni nyuma yetu ilifika hadi mlangoni, mtoto wa mtu analia, na muuguzi hakuwa na nafasi ya kungoja tukumbuke. Kwenye kile kijitabu cha mazoezi tunachonunua getini, mbele ya maneno "historia ya familia", akachora kistari. Akampa tarehe ya kurudi kupimwa tena.

Kistari kile kimenikosesha raha kwa wiki kadhaa.

Kinaweza kumaanisha hakuna. Kinaweza kumaanisha haijulikani. Daktari atakayefungua kijitabu hicho mwakani ataona ukoo usio na ugonjwa, na huenda akatulia mahali ambapo hakupaswa kutulia.

## "Baada ya kuugua kwa muda mfupi"

Nikaenda Luanda, kule Vihiga, kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, maana mambo ya ukoo wetu yakijulikana na mtu, ni yeye. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati. Ndani yake mna hati za shamba, vyeti vya shule, na programu za mazishi za watu wetu wote tangu watu walipoanza kuchapisha programu za mazishi.

Tulizitandaza kitandani. Ukizisoma kwa pamoja hivyo, unaona jinsi tunavyojua kuandika. Tumeandika shule ya msingi aliyosoma marehemu, mwaka alioajiriwa, kwaya aliyoimbia, idadi ya wajukuu, hata aliyembatiza. Tukifika kwenye ugonjwa, kalamu inakauka. "Aliugua kwa muda mfupi." "Alipambana na maradhi kwa ujasiri." "Bwana alimpenda zaidi."

Lakini miaka ya kuzaliwa na ya kufa ilikuwepo. Na shangazi alikuwepo.

Shangazi hakumbuki majina ya magonjwa. Anakumbuka miili. Nilikuwa nashika programu moja moja, naye anaitazama picha, kisha anasema.

"Huyu alikuwa anamaliza mtungi wa maji, usiku kucha yuko njiani kwenda choo. Kidole cha mguu kikapata kidonda kisichopona. Wakamkata mguu, na bado."

"Huyu miguu ilimvimba. Hakuweza kulala chali, tulikuwa tunamwegemeza kwenye mito kama amekaa."

"Huyu mdogo wangu alikuwa na kitu kigumu kwenye titi. Alikificha mpaka kikapasuka. Alikuwa na miaka 41."

Sukari. Moyo. Saratani ya matiti. Hakuna daktari aliyekuwa chumbani, lakini ushahidi wa mwanamke aliyeuguza ndugu zake ulitosha kunipa picha ambayo karatasi zote zile zilikuwa zimeificha.

Kisha nikampa programu ya baba. 1950 hadi 1999.

Alikaa nayo muda. "Babako alianguka bafuni asubuhi, kule Nakuru. Nilipofika hospitali mdomo ulikuwa umeenda upande, mkono wa kulia hausogei. Alikaa siku tatu."

Kiharusi, akiwa na miaka 49. Yeye kweli aliugua kwa muda mfupi.

"Shangazi, mbona hamkutuambia?"

"Mwaka ule," akasema, "nani angetuamini?"

## Mwaka ule

Aliyekulia pande hizi hahitaji kuelezwa. Novemba 1999, Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, lakini vijijini kwetu tangazo lilikuta makaburi tayari. Mwanamume akifa kabla ya kutimiza 50, watu walishajua cha kusema hata kabla ya matanga. Familia ikisema "ilikuwa presha", ilionekana inaficha. Kwa hiyo familia zikaacha kusema lolote. Juu ya hayo, baba alianguka nyumbani kwa mke wake wa pili, na mama hakutaka kamwe kusimulia kifo kilichotokea kwa mwenzake. Mimi nilikuwa bweni. Nilikuja kuzika, na mtoto haulizi maswali matangani.

Kiharusi cha baba kilimezwa na ukimya uliowekwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine.

Hilo peke yake lingetosha kuniumiza. Lakini kwenye kitanda cha shangazi niliona jambo lingine, na ndilo lililobadilisha namna ninavyofikiri kuhusu suala zima la kurithi magonjwa. Rundo nene kuliko yote lilikuwa la miaka ya tisini hadi katikati ya miaka ya 2000, kabla na kidogo baada ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kuanza kutolewa bure hospitali za umma mwaka 2006. Sura zilizomo ni za vijana. Baba mdogo, miaka 34. Mkewe, 29. Shangazi mwingine, 37.

Baba mdogo alikufa bila kisukari. Je, angekipata akifika 58? Hakuna ajuaye. Hakufika.

Daktari anapouliza kama kwenu kuna presha, swali lake linachukulia kwamba wazee wako walipewa muda wa kuzeeka na kuugua magonjwa ya watu wazima. Kwa familia nyingi za Siaya, Homa Bay, Kisumu, Busia na Vihiga, kizazi kizima hakikupewa muda huo. Mtu wa huku akijibu "kwetu hakuna" anaweza kuwa anasema ukweli mtupu, na ukweli huo usimsaidie kitu.

## Kwa nini muuguzi aliuliza umri

Nilidhani anauliza umri ili kujaza fomu. Baadaye nikajifunza kwamba lilikuwa swali zito kuliko lile la ugonjwa.

Madaktari wana kanuni moja wanayoitumia kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu: hatari yako inahesabiwa kuwa imepanda kwa sababu ya familia ikiwa baba au kaka yako aliugua kabla ya kufika miaka 55, au mama au dada yako kabla ya 65. Nimeisoma mara nyingi kanuni hii, kwa sababu ndani yake umri, jinsia na urithi vimekaa pamoja, na huwezi kuondoa kimoja bila kuharibu vingine.

Nyanya yetu alipata presha akiwa na zaidi ya miaka 75. Hiyo hainiambii mengi kuhusu damu yangu. Mishipa ya kila binadamu hukakamaa kadiri anavyozeeka, kongosho hupunguza nguvu ya kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, na seli zilizojinakili maisha yote huendelea kukusanya makosa ambayo siku moja yanaweza kuwa saratani. Uzee ni sababu tosha. Lakini mtu akianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 49, umri peke yake haujibu, na lazima utazame kingine: alichozaliwa nacho, alichokula, alichovuta, au dawa alizokosa.

Tofauti ya 55 na 65 nayo ina maana. Kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni huipa mishipa ya mwanamke kinga fulani, na kwa wastani ugonjwa wa moyo huwafikia wanawake kama miaka kumi baada ya wanaume. Huwafikia, nasisitiza. Naona tunavyozungumza kana kwamba moyo ni ugonjwa wa wazee wa kiume wenye vitambi, na mama wa miaka 60 anayehema akipanda ngazi anaambiwa amechoka na shamba.

Ndugu yangu ana baba aliyepata kiharusi akiwa na miaka 49. Kwa kanuni ile, anahesabiwa. Kistari kilimtoa kwenye hesabu.

## "Ni ya upande gani?"

Kuna swali ambalo watu wetu huliuliza haraka sana mtoto akiugua, na silipendi: ugonjwa huu umetoka kwa nani?

Karibu kila mara kidole kinaelekea kwa mama. Nimeona mke akirudishwa kwao na watoto wake kwa sababu wawili kati yao walikuwa na seli mundu. Wazee walikaa chini ya mti wakaamua kwamba ameleta damu mbaya bomani. Na seli mundu ni ugonjwa ambao kanuni yake haina utata hata kidogo: mtoto haugui mpaka apokee jeni ya ugonjwa huo, yaani kipande cha urithi, kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja tu ya jeni hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Mwanamume aliyekuwa anamfukuza mkewe alikuwa amebeba nusu ya sababu mwilini mwake.

Na damu hiyo tunayoiita mbaya ina historia yake hapa hapa. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa kwenye shamba Gilgil, alizunguka akipima damu za watu wa jamii mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba wabebaji wa jeni hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Mahali penye malaria, jeni ipo. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayebeba nakala moja tu analindwa dhidi ya malaria kali. Babu na nyanya zetu waliishi kando ya Ziwa lenye mbu na wakapona, wengine kwa sababu ya jeni hiyo hiyo.

Kosa letu jingine linaelekea upande wa pili. Tunapowaza saratani ya matiti, tunamtazama mama na mama yake mama. Shangazi yangu aliyekufa akiwa na miaka 41 ni dada wa baba, na kwa miaka yote nilidhani hanihusu. Jeni zinazojulikana zaidi kwa kuongeza hatari ya saratani hiyo, BRCA1 na BRCA2, ziko kwenye kromosomu ya 17 na ya 13, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Baba akiwa na hitilafu kwenye mojawapo ya jeni hizo, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Anaweza kumpa binti yake bila yeye mwenyewe kuugua. Haimaanishi kwamba mimi ninayo. Saratani nyingi za matiti, zaidi ya tisa kati ya kumi, hazitokani na jeni ya namna hiyo. Lakini kifo cha mapema upande wa baba ni jambo la kumwambia daktari, na nimemwambia.

## Kitabu cha kliniki

Hili ndilo nililotaka dada zangu wanaosoma hapa walishike.

Mwanamke ana nafasi ambayo mwanamume hana ya kuona mapema magonjwa yanayomngoja. Nafasi hiyo ni mimba. Kwa miezi tisa moyo unasukuma damu nyingi zaidi, na mwili unaikaidi insulini kuliko kawaida. Ukiwa na udhaifu uliojificha, ndipo unapojitokeza. Kisha mtoto anazaliwa, presha inashuka, sukari inarudi sawa, watu wanapiga vigelegele, na kitabu cha kliniki kinabaki cha kuonyesha chanjo za mtoto tu, mpaka kinapotea.

Aliyepata presha ya mimba ile kali, yenye protini kwenye mkojo na uso kuvimba, ana hatari kama mara mbili ya mwenzake ya kuugua moyo au kiharusi baadaye. Aliyepata sukari wakati wa ujauzito ana hatari ya kisukari cha kudumu ambayo tafiti zimeikadiria kuwa mara 7 hadi 10. Nina rafiki aliyepata vyote viwili kwenye mimba moja. Mtoto sasa yuko sekondari. Hajawahi kuambiwa arudi kupima sukari, naye hakuona sababu, kwa kuwa aliambiwa "imeisha".

Fungua kitabu chako. Ukurasa wa vipimo, namba za presha ya kila ziara, matokeo ya mkojo. Yale ni maandishi kuhusu wewe pia.

Wanaume, kwa upande wao, hawana hata kitabu. Mwanamke angalau amewahi kufungwa mkanda wa mashine mkononi kwa sababu alibeba mimba. Mwanamume mwenye afya anaweza kufika 45 bila yeyote kumpima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajapimwa hata mara moja. Ndiyo maana nafurahi nikiona wahudumu wa afya wa jamii wakipita nyumba kwa nyumba na vifaa walivyopewa kuanzia 2023, mashine ya presha ikiwemo. Wakikukuta, nyoosha mkono.

## Chumvi moja

Ndugu yangu, baada ya kumweleza yote haya, aliniuliza swali la haki: "Sasa kama ni damu, mimi nitafanya nini?"

Nilikosa jibu siku hiyo. Umri hawezi kuurudisha. Jinsia ndiyo hiyo. Baba hawezi kumbadilisha. Nilianza kuogopa kwamba kwa kufukua sanduku la shangazi nimempa tu mzigo.

Kilichonitoa hapo ni nyanya mdogo, mke wa pili wa babu. Shangazi alisema naye alikufa kwa kiharusi. Yeye na nyanya hawakuwa na tone la damu moja, hata na babu hawakuwa nalo. Walikuwa na jiko moja. Walitia chumvi kwenye mboga, na chumvi nyingine ikawekwa mezani. Samaki walikaangwa kwa mafuta yaliyokaangiwa jana na juzi. Chai ilikuwa na sukari mpaka kijiko kinasimama. Tunachokiita ugonjwa wa ukoo, sehemu yake hupikwa.

Na hata ile sehemu iliyo ya damu kweli haijafungwa. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuata watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea walau dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa wenye miaka 60 na zaidi ilikuwa asilimia 71, yaani wazee ndio walionufaika zaidi. Utafiti mwingine wa 2016, wenye watu zaidi ya 55,000, ulitazama waliorithi hatari kubwa kabisa ya ugonjwa wa moyo. Wale walioishi kwa uangalifu, bila sigara, bila unene wa kupita kiasi, wakijishughulisha na kula vizuri, walikuwa na hatari iliyo karibu nusu ya wenzao wenye urithi ule ule ambao hawakujali.

Kwa hiyo nilimjibu wiki iliyofuata. Damu inakuambia uanze lini. Mwenzako ambaye baba yake yuko hai ana miaka 80 anaweza kujipa nafasi. Wewe anza sasa, na ukirudi ile tarehe uliyopewa, mwambie muuguzi: baba, kiharusi, 49.

## Nakuru

Mimi na shangazi tumenunua daftari. Tulibishana kuhusu baba mdogo na mkewe. Shangazi hakutaka ugonjwa wao uandikwe, na niliona ana haki, kwa kuwa ni watoto wao watakaolisoma. Tukakubaliana hakuna majina. Tunaandika udugu, jinsia, umri, na kile mwili ulichofanya. Kwa baba mdogo tumeandika: ndugu wa baba, mwanamume, 34, hakufika umri wa kujua.

Kisha shangazi akasema jambo ambalo nilijua litakuja. Kuna watoto wa baba Nakuru. Nusu ya walichonacho walipewa na baba yule yule, na hakuna aliyewahi kuwaambia, wala wao kutuambia sisi.

Niliipata namba ya kaka huyo kupitia kwa binamu. Tulizungumza usiku mmoja kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kuzungumza tangu mazishi. Nilipomweleza ninachotafuta, alisema yeye alikuwa nyumbani siku ile, mtoto wa miaka tisa, na ndiye aliyemsikia baba akianguka. Akaniambia pia kitu ambacho hata shangazi hakukijua. Baba alikuwa ameshapimwa. Hospitali walimpa vidonge vya presha vya mwezi mmoja. Vilipoisha hakwenda kuchukua vingine, kwa sababu alijisikia mzima.

Kaka hajawahi kupimwa. Amesema ataenda Jumatatu, na ameahidi kunitumia namba zitakazosomeka. Dada yake yuko Eldoret, ana ujauzito wa miezi saba, na kliniki wameanza kumwambia miguu imevimba. Namba yake ya simu ninayo tayari. Nampigia leo jioni, akitoka kazini, na nitamwomba awe na kitabu chake cha kliniki mkononi tunapozungumza.